Mkono Usio na Kidole

...na mkono wa kulia wa yule bwana bado umo mfukoni, ukumbi una joto, wageni wote wamevua makoti, yeye peke yake amebaki na lake, amesimama mbele ya picha ya tano hasogei, na mchoraji kajibanza nyuma ya nguzo na bilauri ya maji aliyosahau kuyanywa, anajiambia tulia, mtu kutia mkono mfukoni si kosa, lakini moyo haumsikii... picha saba, zote za mkono mmoja, wa kulia, usio na kidole cha mwisho, maana huo ndio aliouona siku ile kwenye upenyo wa pazia la duka, kaka yake, fundi saa, kainamia saa ya mteja, mlango ukafunguliwa, kaka akasema karibu, hata kichwa hajainua, kisha ule mkono, kisu, na yeye nyuma ya pazia kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili... askari aliandika, akafunga daftari, akasema mkono hauna jina wala sura, dada, tumkamate nani, basi akauchora, akauchora tena, mama akamsihi chora maua, mwanangu, picha haimfufui mtu ila yaweza kumwita aliyemuua, naye akacheka, muuaji na maonyesho ya picha wapi na wapi... msimamizi wa ukumbi huyu hapa, anasema kitu kuhusu hotuba, kuhusu mwandishi wa gazeti, mchoraji anaitikia ndiyo, ndiyo, hasikii neno, mpaka msimamizi anaposhusha sauti. "Yule bwana mwenye koti kaniuliza kama mchoraji alikuwepo." Alikuwepo, si yupo, alikuwepo, Mungu wangu, nani angeuliza hivyo ila aliyekuwa dukani siku ile, anaishika nguzo, akimbie, mlango uko nyuma yake, hatua kumi tu, anaweza... na hapo anamwona yule mtu akijifuta jasho shingoni, kwa mkono wa kushoto, kwa taabu, leso inamwanguka, haiokoti, wa kulia hautoki, kumbe naye anaogopa, miaka minne mchoraji akidhani hofu yote ni yake peke yake, kumbe wamegawana, na ili yule atoke lazima apite hapa... woga haujapungua hata chembe, lakini anamwinamia msimamizi sikioni. "Mpigie askari kwanza. Halafu mwambie yule bwana nilikuwepo."