Sahani ya Ogeto

Benta aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, lakini omena ilikuwa kisingizio tu. Alichotafuta huko milimani ni kaka yake, Ojwang, aliyekuja kuchuma chai mwaka jana kisha akanyamaza jii. Mama yao kule Homa Bay hakulia wala hakucheka tena. Alisema hawezi kumlilia mtoto ambaye huenda yuko hai. Basi Benta akajitwika gunia lake, akaanza kuzunguka masoko.

Na watu wa huko, jamani, usiwaseme vibaya mbele yangu. Kule Nyamache walimpa ndizi mpaka mikono ikachoka kupokea. Kule Itumbe, mchuma chai mmoja alimwachia kitanda, mwenyewe akalala chini. Wote waliitazama picha ya Ojwang kwenye simu, wote wakatikisa kichwa. Wema aliupata tele, ila Ojwang hakumpata.

Karibu na Nyansiongo mvua ilimkuta njiani jioni, akabisha kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Alifunguliwa na Bosibori, mjane mzee aliyeishi peke yake. Hata jina hakumwuliza.

"Ingia, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akampakulia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akajipakulia yeye, kisha akaandaa sahani ya tatu mbele ya kigoda kitupu. Akasimama mlangoni, akaita kuelekea migombani, "Ogeto, njoo ule."

Kumbe alijibiwa. Ulikuja mluzi mrefu, unaopanda mwishoni. Benta akalirudisha tonge sahanini. Tangu utotoni Ojwang hakuingia nyumba yoyote bila kupiga mluzi huo, hata viboko vya mama yao havikumwachisha.

"Mama, huyo ni nani?"

"Mtoto wangu. Usimwogope, hana ubaya. Siku hizi anakula harufu tu."

Benta akaitoa simu, akamwonyesha picha. Bosibori aliitazama ile picha mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe, ndipo akaeleza. Mwanawe Ogeto aliondoka miaka mingi iliyopita, asirudi. Mwaka jana kijana mgeni akaanguka mlangoni pake na homa kali, hawezi hata kutaja jina, akafia mikononi mwake. Chifu alitangaza, kanisani wakatangaza, hakutokea ndugu. Bosibori hakutaka mtu azikwe kama mbwa, bila jina. Akamzika migombani kwa jina la Ogeto, na tangu hapo humwita kula kila jioni.

"Sikuwa na kaburi la kulilia," akasema. "Nikapata."

Benta alilia kwa sauti, maana sasa alikuwa na wa kumlilia. Kumchukia yule mzee hakuweza.

Kesho yake walishinda pamoja kaburini. Jua lilipoanza kuinama, Benta alichota udongo wa kaburi akaufunga kwenye leso. Kwao marehemu wa mbali hurudishwa hivyo, na huambiwa njia asije akapotea.

"Ojwang, twende nyumbani. Hapa ni langoni. Hapa tunateremka."

Nyuma yake nyayo zikasikika kwenye tope. Aliogopa, lakini hakugeuka. Walipofika kijitoni akasema, "Sasa tunavuka."

Sauti ya Bosibori ikaja kutoka mlimani. "Ogeto, njoo ule."

Ilikuwa mazoea tu, mdomo ulitangulia moyo. Lakini zile nyayo zilisimama, zikageuka, zikaanza kupanda kilima.

Benta alirudi mbio. Alimkuta Bosibori mlangoni na sahani mkononi, mluzi unasikika migombani.

"Mama, ukimwita anakuja. Ni wewe unayemshika. Na mama yangu anamngoja."

Mzee akaingia ndani, akaifudikiza sahani mezani, akatoka mpaka kaburini.

"Wewe si Ogeto," akasema, na sauti ikamkatika. "Wewe ni Ojwang. Nilikushika kwa njaa yangu mwenyewe. Nenda na dada yako, mwanangu."

Kijitoni, Benta alivuka kwanza. Maji yakatulia, kisha yakavurugika tena nyuma yake, kama mtu anayevuka taratibu. Alisimama ng'ambo akitega sikio. Kule juu moshi wa jiko la Bosibori ulikuwa unapanda, na hakuna aliyeitwa kula.