Fundo la Watu wa Bondeni

Mimi udadisi utaniua. Vita vilipofika kwetu, wenzangu waliuliza risasi zinatoka wapi. Mimi nilitaka kujua nani aligundua kwamba sisi wa mlimani tukifunga furushi tunaanza na ncha ya kulia, na wa bondeni wanaanza na ya kushoto. Miaka yote tumeoana na kuleleana watoto, hakuna aliyejali. Sasa kwenye kizuizi cha darajani, askari wa bondeni wanafungua furushi lako na kukuamuru ulifunge tena. Ukianza na kulia, huvuki. Wengine hata nyumbani hawakurudi.

Shangazi yangu ilikuwa lazima avuke. Binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya daraja, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Asubuhi nzima nilimfundisha sebuleni.

"Kushoto, shangazi!"

"Mikono hii imefunga hivi tangu hujazaliwa. Usinipigie kelele."

Kila akijaribu, kulia kunatangulia. Nikamuuliza nani alimfundisha. Hakukumbuka.

Kizuizini tulimkuta askari mmoja kijana. Wenzake walikuwa kivulini wakinywa chai. Akafungua furushi, akapekua nepi na sabuni.

"Haya mama, funga."

Shangazi akashika ncha mbili, akaganda. Kitambaa kikamponyoka.

"Hebu lete, mnanichelewesha." Askari akainama, akafunga mwenyewe chapuchapu.

Kulia kwanza.

Mimi na macho yangu haya, nikaona. Naye akaona kwamba nimeona. Nilitaka kumuuliza mambo mia: wewe mtoto wa nani, umefikaje upande huu, mama yako anajua? Kwa mara ya kwanza maishani nikaufyata ulimi.

Akawatazama wenzake, kisha akalifungua fundo haraka.

"Mama," akanong'ona, "najua wanavyofunga. Mkono ndio unakataa. Siku wakiniona..."

"Hata wangu unakataa," shangazi akasema. "Lete tujaribu."

Wakachuchumaa, mikono ya shangazi juu ya ile ya kijana. Kulia kukatangulia. Wakafungua. Wakarudia, polepole, na safari hii kushoto kukakubali. Kijana akashusha pumzi, akainua kamba ya kizuizi.

"Piteni, mama. Upesi."

Njia ilikuwa wazi, na ng'ambo binti yake alikuwa anamsubiri. Shangazi hakuinuka.

"Bado hujaweza," alimwambia. "Fungua, uanze tena."