Asilimia Kumi na Nane za Khuyến

Tangu mwezi wa kumi Thục alikuwa akila meza moja na baba yake kila jioni, na kila alipofungua kinywa amwambie, alikijaza wali. Alikuwa afisa wa mazingira wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa hapo mjini Nam Định. Baba yake, Khuyến, alikuwa mchochea moto wa boila ya makaa ya mawe ya kiwanda hicho hicho, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kampuni ya ng'ambo iliyonunua vitambaa vyao kushonea jezi ilikuwa imeutangazia ulimwengu kwamba itapunguza hewa ya ukaa. Kutangaza ilitangaza yenyewe. Kutekeleza waliachiwa wengine. Boila ya makaa izimwe kabla ya Tết, sikukuu ya mwaka mpya, ifungwe ya umeme, ya kubonyeza vitufe. Mpango huo wa kurasa arobaini aliuandika Thục mwenyewe, na jina la baba yake halikuwamo hata ukurasa mmoja.

Akaahirisha na kuahirisha mpaka siku ya kuzima ikafika. Na kwa kuwa aliichagua kwenye kalenda ya ofisini, si ile ya kufuata mwezi wa angani iliyotundikwa jikoni kwao, ikaangukia tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho, siku ambayo Bwana wa Jiko, mungu wa moto wa mekoni, hupanda mbinguni kutoa ripoti ya mwaka mzima. Binti wa mchochea moto, msomi kabisa, na hilo likampita!

Alimkuta Khuyến ameshapanga kofia tatu za karatasi za sadaka juu ya kiti mbele ya mlango wa boila. Ubani ulikuwa ukifuka, na samaki mwekundu wa kupandwa na Bwana wa Jiko kwenda mbinguni akizunguka kwenye ndoo.

"Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Ingia tumuage Mzee wa Jiko."

"Baba, nina neno."

"Hata mimi ninalo. Langu kwanza, mimi ndiye mkubwa."

Akatoa ubao nyuma ya kabati, umejaa mistari ya chaki.

"Mwaka jana ulilia juu ya bakuli la supu, ukisema wale wa ng'ambo wanataka hewa ya ukaa ipungue asilimia thelathini. Unakumbuka? Basi tangu siku hiyo nachekecha majivu. Kila kibonge ambacho hakijaungua kinarudi motoni. Mabomba yaliyokuwa yakivuja mvuke nimeyaziba yote, Jumapili zangu hizo, na ngazi ya kuazima. Kila koleo la makaa nimelihesabu. Tumeshuka kumi na nane kwa mia, mwanangu! Nivumilie mwaka mmoja tu, hiyo thelathini nitakufikisha. Nilitaka iwe zawadi yako ya Tết."

Thục aliijua tarakimu hiyo. Aliiona kwenye ripoti zake mwezi baada ya mwezi, na penye sababu akaandika: oda zimepungua. Aliona aibu hata akakosa pa kuweka mikono.

"Baba, hawataki thelathini tena. Wanataka makaa yaishe kabisa. Boila inazimwa leo. Na mpango nimeuandika mimi."

Khuyến akauegemeza ubao ukutani, taratibu.

"Leo? Tarehe ishirini na tatu?"

"Sikuangalia kalenda ya nyumbani."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kile kikohozi kikavu ambacho Thục alikua akikisikia kupitia ukuta wa chumba chake.

"Kwa hiyo Mzee atarudi usiku wa mwaka mpya akute vitufe! Haya. Na mimi?"

"Utapewa kiinua mgongo. Ile mpya haihitaji mtu."

Khuyến alizipanga upya kofia za karatasi. Kisha akauliza, "Anaizima nani?"

"Mafundi, saa nne."

"Waambie wakae wanywe chai. Watamwaga maji wapasue mabomba ya ndani. Hii huachwa ipoe yenyewe, na nitakuwa nayo mimi."

"Baba, hiyo kumi na nane... niliandika ni oda zimepungua."

Khuyến akaugeukia ubani. "Mzee, ukifika juu sema kumi na nane, na useme ni koleo la Khuyến. Huku chini binti yangu atarekebisha."

Thục alirekebisha palepale, kwa kalamu, kwenye nakala ya ripoti ambayo mkaguzi wa kampuni ya ng'ambo alikuwa anaisubiri: akafuta sababu ile ya oda, akaandika jina kamili la baba yake. Kisha akavua kitambulisho cha ofisini, akaketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, akamtazama akikokota makaa na kuyatandaza, bila haraka, mpaka wekundu ukaisha. Alimpenda sana siku ile, na ilimuuma.

Kesho yake alfajiri alisikia mlango wa chumba cha baba yake ukifunguliwa, halafu kimya. Akatoka. Khuyến alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kazi na viatu vizito, mikono juu ya magoti.

"Thục," akasema, "saa hizi watu wengine hufanya nini?"

"Hulala, baba."

"Na wasioweza?"

Thục alimsogelea. Akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, na Khuyến akamwachia.