Swichi ya Tatu Ifunge

Mhandisi alikuwa na mama mkwe ambaye hajawahi hata siku moja kusubiri maikrowevu imalize kazi yake. Zikibaki sekunde nne, keshavuta mlango, utadhani chakula kilikuwa kinapanga kutoroka. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyokubali, na mhandisi alikuwa ametumia miaka miwili kubuni sehemu ya umeme ya maikrowevu kwa ajili yao. Alitaka mlango ukivutwa tu umeme ukatike, hata kama kila kitu kilichomo ndani kimeamua kuharibika siku hiyo.

Ubunifu wenyewe haukuwa wa ajabu. Mlangoni kulikuwa na swichi tatu ndogo. Mbili za kwanza zilikata umeme mlango unapofunguliwa. Lakini swichi ni chombo, na chombo huchoka. Siku moja vyuma vyake vinaweza kushikana kwa joto vikakataa kuachana, mtu akafungua mlango huku mashine ingali inapika, na hapo itampika na yeye. Ndipo ikaja swichi ya tatu. Kazi yake ilikuwa kupiga shoti makusudi mlango ukifunguliwa na hizo mbili zimegoma, fyuzi iungue, mashine ife papo hapo. Afadhali ife maikrowevu kuliko anayeifungua.

Bosi hakuipenda swichi hiyo. Alisema katika maisha yake yote ya biashara hajaona watu wanaoumiza vichwa kutengeneza kitu cha kujiua. Basi akatoa neno lake la mwisho: mkaguzi wa viwango anakuja Jumatano saa tano, na mashine ikishindwa mbele yake, kitengo cha ubunifu kinavunjwa siku hiyo hiyo, sehemu za umeme ziagizwe kutoka nje kama wanavyofanya wenzao. Kitengo chenyewe kilikuwa mhandisi, meza mbili, na fundi wa nyaya ambaye kiwanda kizima kilimwita Kimya.

Kimya alikuwa na miaka ishirini na saba kazini. Waya aliouunga yeye ulinyooka na kutulia hata ungeona haya kuugusa. Alisema pale tu alipoulizwa, na mara nyingi alisubiri aulizwe mara ya pili. Mhandisi alimpenda kwa hilo, maana ofisi za juu zilikuwa na wasemaji wa kutosha.

Jumatano saa tatu asubuhi mhandisi aliweka kikombe cha maji katika maikrowevu ya kwanza kati ya tatu ambazo Kimya alizimaliza jana yake. Akafunga mlango, akabonyeza kitufe. Pa! Fyuzi imekwenda. Akahamia ya pili, nayo vivyo hivyo. Ya tatu aliizunguka kwanza, akaitazama kwa upole, akaomba dua fupi, akabonyeza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi ile mishindo ilikuwa mitatu, na wa mwisho bosi aliusikia akiwa amesimama mlangoni.

Bosi aliuliza kama hii ndiyo njia mpya ya kuwalinda watu, kuhakikisha hawapiki kabisa. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mhandisi. Akatazama saa yake, akasema mkaguzi yuko njiani, akaondoka.

Mhandisi alitaka kulia. Badala yake alichukua bisibisi, akavua ganda la mashine ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kila waya ulikuwa mahali pake. Ila swichi ya tatu ilikuwa imegeuzwa: iligusa mlango ukiwa umefungwa, ikaachia ukifunguliwa. Kinyume kabisa. Tena ilikuwa hivyo katika mashine zote, kwa unadhifu uleule, kwa hiyo halikuwa kosa la mkono. Kuna mtu alikuwa amefikiri.

Akachukua karatasi ya maelezo, akaiweka mbele ya Kimya.

"Mzee wangu, hapa nimeandika nini?"

Kimya alisoma polepole. "Mlango ukifunguliwa, swichi ya kwanza na ya pili zifunguke, swichi ya tatu ifunge."

"Na hiyo ya tatu umeifanyaje?"

"Nimeifanya ifunge. Mlango ukifunguliwa inafunga umeme, haupiti."

Mhandisi aliketi. Kule chuoni alikofundishwa, kufunga swichi ni kuvigusanisha vyuma vyake ili umeme upite, na kuifungua ni kuvitenganisha. Lakini nyumbani kwa Kimya, kama kwako na kwangu, redio ikichosha watu huifunga, na wakitaka habari huifungua. Bomba likifungwa maji hayatoki. Lugha ni hiyo hiyo moja, wasomi wameivaa nje ndani, na katika miaka miwili hakuna aliyemwambia kwamba mshono unaonekana.

Kisha akagundua jambo lingine. Kwa hesabu ya Kimya, swichi mbili za kwanza zilipaswa kuwasha umeme mlango ukiwa wazi. Akamuuliza mbona alizifanya zikate.

Kimya alitazama viatu vyake. "Hizo niliona umekosea. Mlango uko wazi halafu umeme uwake? Nikazirekebisha."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umechoka, mwanangu. Na bosi alikuwa amesimama pale. Nikasema nisikuaibishe."

Kwa hiyo mbili zilikuwa sahihi kwa sababu hakumtii, na moja ilikuwa na kosa kwa sababu alimtii. Mhandisi alicheka, kisha akaacha. Heshima ile ilimuuma kuliko tusi. Alijiuliza ni karatasi ngapi zake nyingine zilizopita mikononi mwa mzee huyu zikasahihishwa kwa huruma, na ni ngapi zilizoharibika kwa huruma hiyo hiyo.

Hapakuwa na wakati wa kuzihesabu. Kimya aligeuza swichi ya mashine moja, mhandisi akabadilisha fyuzi, na waliporudisha parafujo ya mwisho zilibaki dakika sita.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani na muhuri. Alichemsha maji, akafungua mlango, mashine ikazima. Akaandika. Kisha akavua ganda, akatoa mfukoni kipande cha waya, akazibana swichi mbili za kwanza zisiweze kuachana, akawasha tena. Mashine ikanguruma. Mkaguzi akavuta mlango.

Pa! Taa ya ndani ikazimika, harufu ya kuungua ikatanda.

Bosi alishika kichwa. Akaanza kuomba radhi, akasema mashine hizi zimekuwa zikifa tangu asubuhi, na kwamba kitengo hiki leo ndio mwisho wake. Mkaguzi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeangua kilio harusini.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa kufa," alisema, akapiga muhuri.

Bosi alishusha mikono. Kabla wino haujakauka alikuwa akimweleza mkaguzi jinsi alivyoipigania swichi ile tangu mwanzo, peke yake.

Mhandisi hakumsikiliza. Alikuwa anaandika karatasi mpya kwa ajili ya mafundi watakaounga mashine mia za kwanza. Mlango ukifunguliwa, swichi ya kwanza na ya pili ziachane, umeme usipite. Swichi ya tatu iguse, ipige shoti. Hakuna kufunga, hakuna kufungua. Akamwita Kimya aisome kwa sauti.

Kimya alisoma. "Sawa," akasema.

"Sawa kwamba ni sawa, au sawa ya kunihurumia?"

Kimya alimtazama bosi, akamtazama mkaguzi, akakohoa kidogo.

"Hapa umekosea," alisema mbele yao wote. "Hujasema ipi itangulie. Ya tatu ikigusa kabla hizi mbili hazijaachana, kila atakayefungua mlango ataunguza fyuzi, hata kama mashine ni nzima."

Mkaguzi aligeuka, akavua miwani. Mhandisi aliisoma tena karatasi yake. Ilikuwa kweli. Kichwani mwake utaratibu ule ulikuwapo miaka miwili, kwenye karatasi haukuwapo popote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma yake ikaja furaha ambayo hakuitegemea, kubwa kuliko ile ya muhuri.

Akamsogezea kalamu. "Andika," alisema, na Kimya akavuta kiti.