Kisa cha Kuazima

Kikundi cha akina mama cha mtaa ule kilikuwa na shughuli za kumchosha punda. Jumatatu walichemsha sabuni ya maji kwenye mapipa, Jumatano wakashona mifuko ya sokoni, Jumamosi wakafagia uwanja wa zahanati, na akina bibi wasiojua kusoma walikuwa na darasa lao nyuma ya ofisi, wakicheka kuliko walivyosoma. Yote mazuri, sikatai. Lakini kilichokiweka kikundi mjini kilikuwa kitu kimoja tu, Siku ya Wageni, na Siku ya Wageni bila ushuhuda ni harusi bila bibi harusi.

Kila mara ilikuwa hivi. Wafadhili walikuja, wakakalishwa mbele, wakapewa soda baridi. Kisha mama mmoja alishika kipaza sauti akaeleza alivyoteseka, na jinsi kikundi kilivyomtoa shimoni. Wageni walilia, wakaaga, na baada ya muda gari lilikuja limebeba vyerehani au majiko. Safari hii walikuwa wameahidi vioo na draya za nywele, maana mradi uliokuwa njiani ni saloni ya kikundi. Chumba kilishapatikana jirani na kituo cha mabasi, kimepakwa rangi, kina maji ya bomba ndani kwa ndani.

Kiti kimoja cha saloni hiyo ndicho msusi mmoja wa kikundi alichokitaka kuliko usingizi. Miaka yote alikuwa akisuka barazani kwake. Mvua ikinyesha, mteja anakimbia na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na mtaa mzima unapata cha kuchekea. Vidole alikuwa navyo, wateja alikuwa nao, paa ndilo lililomshinda. Na mwenye kugawa viti alikuwa mwenyekiti, mama mwenye sauti ya asali ambaye hajawahi kuomba kitu mara mbili.

Shida ya msimu huo ilikuwa ushuhuda wenyewe. Aliyekuwa akiutoa, waliyembatiza Mama Machozi, kisa chake kilikuwa kimechuja. Wageni wale wale walishamlilia mara mbili, na huruma ya mtu nayo ina mwisho. Kwa hiyo kamati ikakaa kusaka kisa kipya.

Fundi cherehani ndiye aliyesimama. Akasema mumewe, mwenye duka la kona, humpiga, na kwamba safari moja alimmwagia maji ya moto mgongoni kwa sababu chai ilichelewa. Alikuwa anasema kweli tupu, na kila aliyekuwamo chumbani alijua. Lakini jamani, alivyosimulia! Macho makavu, sauti moja mwanzo mpaka mwisho, utadhani anasoma tangazo la kukatika kwa maji. Alipomaliza, mama mmoja akapiga miayo.

"Kisa kizuri," mwenyekiti akasema, "msimulizi ndiye hafai. Pole, mdogo wangu, lakini hivyo ndivyo. Halafu mumeo ndiye anayetupa soda za wageni. Tutamweka wapi?"

Hapo unatakiwa kuijua desturi ya kikundi kile. Kisa hakikuwa mali ya mtu, kilikuwa mali ya kikundi, kama masufuria ya shughuli. Mwenye nacho akishindwa kukitumia, anapewa anayeweza. Walishafanya hivyo kwa ujane, wakafanya kwa nyumba iliyoungua, na hakuna aliyeona ubaya.

"Apewe msusi," Mama Machozi akasema. "Yule ana mdomo. Kusuka kwenyewe anasuka kwa mdomo."

Wakacheka wote. Msusi naye alicheka, kisha kicheko kikamkwama.

"Mwenyekiti, mimi mume wangu hajanigusa hata kwa unyoya."

"Nani amemtaja mumeo?" Mwenyekiti akamshika bega. "Hatutaji jina. Wageni wanatoka mbali, wanakuja, wanalia, wanarudi kwao. Nani atajua? Au kile kiti cha saloni nimpe mwingine?"

Ni hesabu ya mtoto mdogo hiyo! Mwanamke mwenye mume mmoja akisema "mume wangu ananiunguza", kuna haja gani ya jina? Lakini msusi alishajiona amesimama mbele ya kioo, mvua inanyesha nje na mteja hatikisiki. Tamaa ikamziba masikio.

Walimuuliza fundi cherehani kama anaridhia. "Chukueni," akasema. "Mimi mwenyewe nimeshindwa kukitumia."

Basi mazoezi yakaanza. Mama Machozi alimkalisha msusi kwenye pipa la sabuni lililopinduliwa, akamfundisha kama anavyofundishwa mwali.

"Usilie mwanzoni. Ukilia mwanzoni watakupa leso. Lia katikati, watakupa draya. Na ukifika kwenye maji ya moto, nyamaza kidogo, shika mgongo, tazama chini. Wao wenyewe watamalizia."

Msusi alikuwa mwepesi. Siku ya pili alimliza Mama Machozi mwenyewe, mwanamke ambaye machozi yalikuwa kazi yake.

Tumzungumzie na huyo mume wa msusi sasa, maana ndiye aliyeliwa. Alikuwa seremala, mwanamume mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Karakana yake ilikuwa banda la nyuma ya duka la kona, amepangishwa na huyo huyo mwenye duka. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuranda mbao, alimjazia mkewe ndoo za maji ya kuoshea wateja nywele, akazipanga barazani, kisha ndipo anakunywa chai. Majirani walimtania kwamba amekaliwa na mkewe. Alikuwa anacheka tu.

"Siku ya Wageni ni ya wanawake tu," msusi alimwambia. "Nitasema maneno mawili matatu."

"Mke wangu na kipaza sauti!" Seremala akafurahi kana kwamba amepewa yeye. "Hapo umefika. Basi nami siku hiyo nitapeleka milango ng'ambo ya mto, nisikuzibie njia."

Msusi akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yamejipanga.

Siku yenyewe, ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Msusi akachungulia kutoka mlango wa pembeni. Nyuma ya wageni walikaa watu wa mtaani. Alimwona mwoka mikate, akamwona fundi viatu, akawaona majirani zake wa ukuta kwa ukuta na watoto wao. Na mstari wa mbele, karibu na kreti za soda, alikaa mwenye duka, amevaa koti, amekunja nne. Fundi cherehani alikuwa pembeni yake, amejifunga mtandio mpaka shingoni.

Msusi akamvuta mwenyekiti mkono. "Ulisema wageni tu!"

"Wageni wametaka kuona jamii. Ningewakatalia?"

"Hawa wananijua! Wanamjua mume wangu!"

Mwenyekiti akamrekebisha kilemba, taratibu, kama mama anavyomrekebisha binti yake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Inama."

Akainama.

Alianza vizuri, tena vizuri mno. Sauti ilitoka chini ikapanda, mahali pa kutulia akatulia. Alieleza ngumi za kwanza na jinsi alivyodanganya watu kwamba ameteleza bafuni. Wageni walishaanza kutafuta leso. Hata yeye alisahau kwamba maneno si yake.

Alipofika kwenye chai iliyochelewa, mlango wa nyuma ukafunguka na seremala akaingia.

Alikuwa amemaliza kazi mapema, akasikia kwamba mtaa mzima umealikwa, akakimbia njia nzima ili asikose kumwona mkewe mbele ya watu. Jasho lilimtiririka, viatu vimejaa tope. Hakuwa amesikia neno hata moja. Akasimama ukutani, akatabasamu mpaka jino la mwisho, akamwinulia mkewe kidole gumba.

Msusi akanyamaza. Ukumbi ukadhani ni kimya cha maumivu, mgeni mmoja akaanza kulia kwa sauti. Angeweza kusema, "Jamani, nimedanganya, haya si yangu." Maneno yenyewe yalikuwa mdomoni, mepesi. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti hakukunja uso wala nini, aligeuza kichwa tu, akamtazama msichana mmoja mwenye kujua kusuka aliyekaa mstari wa tatu.

"Akachukua birika," msusi akasema, "akanimwagia mgongoni." Na machozi yakamtoka ya kweli, mengi, hayakuhitaji mafunzo ya mtu.

Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea nyuma. Tabasamu la seremala lilikuwa bado usoni, halijajua pa kwenda. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta ni nani anayesemwa.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," jirani wa ukuta kwa ukuta akasema, sauti ya kusikika. "Mimi siku zote nilikuwa nashangaa. Mwanamume gani anateka maji alfajiri? Kumbe dhamiri inamsuta!"

Hapo mwenye duka akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akaomba kipaza sauti, akapewa.

"Mimi kama mume, kama mzazi, nasikia aibu," akasema, na sauti ikamtetemeka kweli. "Mwanamume anayemuunguza mke wake hawezi kukaa kwenye banda langu. Kuanzia leo hii, aje atoe vitu vyake. Kama wenzangu mmenyamaza, mimi sinyamazi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wageni wakasimama, mmoja akamwendea mwenye duka akamshika mikono yote miwili. Na fundi cherehani, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapiga makofi na mumewe alikuwa anamtazama, naye akapiga.

Seremala alifungua mdomo. Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele, yeye alikuwa nyuma, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumsikia. Fundi viatu alimshika kola akamtoa nje, na watoto wakamfuata wakimzomea hadi barabarani.

Watu walipokuwa wanamiminika kumpongeza msusi, fundi cherehani alipenya akamkumbatia. Alimkumbatia kwa kuuogopea mgongo wake mwenyewe, mabega kwa mabega tu.

"Umesimulia vizuri," akamnong'oneza. "Mume wangu anasema wewe ni jasiri, wanawake wangekuwa kama wewe. Dada, nakuomba, akikuuliza, usimwambie ni changu. Ataniua."

Msusi aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Seremala alikuwa chumbani, anafunga randa, misumeno na patasi ndani ya gunia. Alifunga vizuri, kila chenye makali amekiviringishia kitambaa. Kwenye shingo alikuwa na alama za kucha za mtu.

"Mume wangu," msusi akaanza.

"Hilo la maji ya moto," akasema bila kugeuka, "nilifanya lini?"

"Hukufanya."

"Maana nimekaa hapa najiuliza. Nimesema labda niliumwa nikapotewa na akili, nikafanya, nikasahau. Watu wote wale hawawezi kukosea."

"Ni kisa cha kikundi. Ilikuwa kwa ajili ya kiti. Walisema hawatataja jina..."

"Hawakutaja," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unanitazama." Akainua gunia begani. "Ungeniambia tu. Ungesema, mume wangu, nataka kiti, na kiti kinataka nikuseme vibaya. Ningehama hata mtaa siku hiyo, useme utakavyo, halafu nirudi. Nisingekunyima. Nilikunyima nini mimi?"

Msusi alimshika shati, akalia, akaapa kwamba kesho atakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia ukweli. Seremala alimbandua vidole, kimoja kimoja, bila kumuumiza.

"Watasema nimekupiga ili useme hivyo," akasema.

Msusi alibaki amesimama, mikono imening'inia, akamsikiliza akifungua geti. Majirani waliokuwa nje wakatema mate chini alipopita. Mmoja alimwita msusi dirishani, akamwambia hongera, sasa utapumzika.

Asubuhi mwenyekiti aliingia bila kubisha hodi, ananukia marashi, na ufunguo wa saloni mkononi. Draya zimeahidiwa, akasema, na vioo vitatu vikubwa. Kiti cha kwanza, kile cha dirishani, ni chake. Na wageni wa jana wamewapigia simu wenzao, Alhamisi linakuja kundi jingine, kubwa zaidi, wanamtaka yeye na hakuna mwingine.

Msusi alikuwa amekaa sakafuni na nguo za jana. Barazani hapakuwa na ndoo hata moja yenye maji.

"Ameondoka," akasema. "Ameondoka kweli, mwenyekiti. Hakunitukana hata. Alinibandua mkono akaenda zake, sijui aliko. Nimemuua mume wangu angali hai."

Mwenyekiti akavuta kigoda akaketi, akaweka mkoba magotini, na sauti yake ikazidi utamu.

"Basi usihangaike tena na kile cha fundi cherehani," akasema, "tutampa mtu mwingine. Wewe sasa una cha kwako. Simama, mwanangu, futa pua. Anzia pale alipokubandua mkono, na safari hii usiharakishe."

Msusi akamtazama, akautazama ule ufunguo. Kisha akasimama, akafuta pua, akaanza.