Mfupa wa Kamati

Wieland Krahmer alikuwa mhariri kabla ya kuwa mwongozaji, na uhariri haukumtoka. Hata kwenye kantini ya studio ya filamu ya serikali pale Babelsberg, ukizungumza naye uliona macho yake yanatafuta mahali pa kukukata. Alikaa miaka mingi gizani akiunganisha filamu za wenzake, nishani wakapewa wao. Alipopewa filamu ya kwanza ya kuongoza mwenyewe, tayari alikuwa na mvi. Ilihusu wanawake wa kiwanda cha kufyatua vitofali vya makaa ya mawe, upande wa Cottbus. Mimi nilikuwa dereva wake na mbeba taa.

Kulikuwa na kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote. Wanawake wametoka zamu, wameketi kwenye benchi la bafuni, nyuso nyeusi, hakuna anayesema. Mmoja anakohoa, halafu mwingine. Basi. Wieland alijua kamati ya kupitisha filamu ingetaka kipande hicho kitolewe, kwa hiyo akafanya tulichokuwa tukifanya sote: akaweka mfupa.

Mfupa ni kitu unachokitia kwenye filamu makusudi ili kamati ikione, ikasirike, ikiondoe, iridhike kwamba imefanya kazi, na yaliyobaki yapite. Kwa kawaida ilikuwa picha ya kiongozi iliyoning'inia upande, au mlevi siku ya gwaride, kama yule ambaye Wieland alimtia kwenye filamu ya mwenzake. Lakini kamati ilishazoea mifupa midogo. Safari hii Wieland alitumia maneno ya Roswitha Pätzke, mwanamke wa mashine ya kufyatulia, aliyetuambia mbele ya kamera: "Kila Oktoba, sikukuu ya taifa, tunapewa bendera. Mimi niliomba barakoa." Alipokuwa akisema alikohoa katikati. Wieland alivikata vikohozi ili sentensi itoke safi na mfupa uonekane vizuri.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ndugu Dörfel.

"Hiyo ya bendera itoke," alisema taa zilipowashwa.

"Itatoka," Wieland akajibu, upesi mno.

"Ile ya bafuni ni ndefu. Lakini sawa, iacheni."

Wieland aligeuka akanitazama kule nyuma. Alikuwa ameshinda. Kisha Dörfel akafungua kalamu yake.

"Na yule mama anaitwa nani?"

"Wa nini tena? Si anatoka?"

"Kwenye filamu anatoka. Kiwandani bado yupo. Mkurugenzi wake ataniuliza. Na kama ana watoto wanaoomba chuo, huko nako wataniuliza."

Roswitha alikuwa na binti, Kerstin, aliyekuwa akisubiri nafasi ya chuo cha uuguzi. Alituambia siku ile ile ya kupiga picha, kwa furaha. Wieland akasema anaomba kutoka avute sigara. Nikamfuata kwenye korido.

"Mlevi wa gwaride hakuulizwa jina," akaniambia.

"Mlevi yule alikuwa shemeji yako, na bia ulimnunulia wewe."

"Usinichekeshe, Ewald. Nifanye nini?"

"Sema umeyaunganisha mwenyewe. Neno moja huku, neno jingine kule. Wewe mhariri, watakuamini."

"Nikisema hivyo, sitaongoza filamu tena mpaka nife. Nani atampa kamera mtu anayebuni maneno ya wafanyakazi?"

"Usiposema, binti wa watu hasomi."

Alivuta sigara mpaka ikamfikia vidoleni. Kisha akarudi ndani akasema, "Hayo si maneno yake. Nimeyatengeneza mimi mezani kwangu."

Dörfel hakuamini. Wieland akaleta mkanda wa sauti, akamwonyesha chini ya taa zile sehemu zilizounganishwa, pale vikohozi vilipokuwa. Dörfel akapitisha ukucha juu yake.

"Na kule bafuni? Vikohozi navyo umevitengeneza?"

Kwa kuwa sasa hakuna kipande kilichoaminika, filamu yote ikapelekwa stoo isionyeshwe, na Wieland akarudishwa gizani kukata filamu za watu wengine.

Baada ya wiki chache aliniomba nimpeleke kwa Roswitha. Nadhani alitaka akatukanwe. Badala yake tulikuta kahawa na keki ya plamu. Kerstin alikuwa amepata nafasi. Lakini kiwandani kulisomwa tamko mbele ya wafanyakazi wote, kwamba yale maneno yalibuniwa, na Roswitha akaambiwa asimame akubali.

"Nikasimama," alisema. "Wenzangu walinisikia nikisema siku ile, sasa wananisikia nikisema sikusema. Wote wakaangalia viatu vyao."

"Nisamehe, Mama Pätzke."

"Nikusamehe nini, bwana? Wewe angalau ulitaka tusikike. Nimewaambia wenzangu hivyo hivyo. Nimewaambia yule wa Babelsberg kajitia matatani kwa ajili yetu."

Niliomba moyoni Wieland anywe kahawa yake anyamaze. Alisukuma kikombe kando.

"Sikutaka msikike," alisema. "Niliyaweka ili yakatwe." Akamweleza habari ya mfupa, yote, na kipande cha bafuni pia.

Roswitha alisikiliza, kisu kimebaki ndani ya keki.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kutupwa."

"Ndiyo."

"Na ulichokitaka ni kile cha kukohoa."

"Ndiyo."

"Tukikohoa tunapendeza. Hongera." Akauchomoa kisu. "Ungekaa kimya tu. Kesho nina zamu na wanawake wale wale. Niwaambie nini sasa?"

Roswitha akakata kipande kikubwa cha keki, akakifunga kwenye gazeti, akanipa mimi. Kisha akachukua kikombe cha Wieland, kahawa ikiwa bado imo, akaimwaga kwenye sinki na kuanza kukiosha.