Koleo la Daktari Helvi

Taisto Ruokola hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe tena, hakuwa na meno ya juu, wala hakuwa na moyo wa kusamehe. Miaka sita alikuwa hanywi kahawa kwa Daktari Helvi, na pale kijijini kukataa kahawa ya mtu kunazidi kumtukana.

Kisa ni Pihla, mjukuu wake. Uzazi ulipokwama, Helvi alimvuta mtoto kwa koleo la kuzalishia, likamwachia kovu shavuni. Sasa mwalimu alisema Pihla haoni ubao. Taisto akaandika barua ya mashtaka, akaitia mfukoni, akampeleka mtoto mjini kwa Lempi, mtaalamu wa macho, ili apate ushahidi.

Lempi alimpima Pihla taratibu.

"Koleo likiumiza jicho," alisema, "kwa kawaida huumiza lile moja lililobanwa, na alama hubaki kwenye jicho lenyewe. Huyu hana alama jichoni, na macho yote mawili yana upungufu sawasawa. Mara nyingi hayo hurithiwa. Nani kwenu haoni mbali?"

"Hakuna," alisema Taisto.

"Babu alimvulia kofia fahali wa jirani," alisema Pihla. "Akamuuliza mkewe hajambo."

"Kulikuwa na ukungu, wee mtoto."

"Saa sita mchana, babu?"

Lempi alivuta kiti. "Hebu kaa, mzee. Nisomee mstari wa juu pale ukutani."

"Ukuta upi?"

Lempi alicheka mpaka akafuta machozi.

Baada ya wiki mbili, babu na mjukuu walikwenda tena mjini kuchukua miwani mipya, wakarudi wakisimama kila hatua. Pihla alihesabu majani mitini. Taisto aliona nguo zilizoanikwa ng'ambo ya ziwa.

"Babu, kumbe una nywele masikioni."

"Na wewe una madoa puani kama yai la ndege."

Akalitazama kovu. Lilikuwa dogo, kama alama ya ukucha. Akakumbuka maneno ya mkunga siku Pihla alipozaliwa: mtoto alikuwa amebakiwa na dakika chache tu kabla ya kufa tumboni.

Nyumbani aliitia barua ya mashtaka motoni ikaungua, akachukua karatasi nyingine.

"Daktari Helvi, nilikosea, tena miaka sita. Asante kwa Pihla. Njoo Jumamosi ule samaki nasi."

"Mwambie avue viatu mlangoni," alisema Pihla.

"Anajua."

Taisto akalamba gundi, akafunga bahasha, akambeba mjukuu mabegani mpaka kwenye sanduku la posta, naye akaitumbukiza.